Pumzi ya Mstari wa Tatu

Leusa Huws alizaliwa amechoka. Hayo si maneno yangu, ni ya shangazi yake Catrin, mwanamke ambaye hakuwahi kuona jambo akalinyamazia. "Wewe mtoto," alikuwa akimwambia, "wenzako hutoka tumboni wanalia. Wewe ulipiga mwayo." Na sisi watu wa kijiji cha Bryn Eithin tulicheka kila mara, maana vichekesho kwetu ni vichache, na vile vilivyopo tunavivaa mpaka vitoboke.

Lakini uchovu ule ulikuwa na chanzo chake, na hakikuwa tumboni. Mama yake alifariki Leusa angali mdogo wa kusimama juu ya kigoda ili afikie meza, na nyumba yote ikamwangukia: moto wa kuwasha kabla baba hajaamka, viazi vya kumenya, mtindi wa kwenda kuchukua kwa wafugaji juu kilimani, na nguo. Nguo hasa. Mwanamume wa machimbo ya mawe ya kuezekea harudi nyumbani na shati, hurudi na vumbi la kijivu lenye mikono miwili. Siku ya kufua ni Jumatatu, kijiji kizima, na mvua ya kwetu inaijua Jumatatu kwa jina. Unaanika, inanyesha. Unaanua, inaacha. Unaanika tena, basi hapo utajua wewe na Mungu wako.

Baba yake, Robat Huws, alikuwa mpasuaji wa mawe siku za kazi, na Jumapili alikuwa mwimbishaji wa kanisa. Kinanda hatukuwa nacho. Tulikuwa na Robat. Alisimama chini ya mimbari, akafumba macho, akatoa sauti ya kuanzia, nasi tukaingia nyuma yake, wanaume wa tenor na besi chini, wanawake juu, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Mtu mkali, mwembamba, mwenye kifua kilichojaa vumbi la mawe kama wenzake wote. Alikohoa akipanda ngazi, alikohoa akishuka. Tulizoea. Kwetu mwanamume asiyekohoa tulimwuliza kama amefukuzwa kazi.

Shule ya Leusa ilikuwa ukuta wa jikoni. Robat alipigilia pale chati ya solfa, ile ndefu yenye sauti zimepangwa kama ngazi, do chini na do juu, sawasawa mbele ya beseni la kufulia. Jioni alikaa na kikombe chake cha chai, akachukua chuma cha kuchokolea moto, akaanza kugusa ukuta. Do. Mi. So. Mtoto, mikono ikiwa kwenye povu, alitakiwa kuimba kila kilichoguswa, na chuma kilikuwa na haraka kuliko sabuni.

"Baba, nimechoka."

"Hata hiyo sauti yako ya la imechoka. Umeiacha inaporomoka. Inyanyue."

"Nainyanyua na shuka au bila shuka?"

"Na shuka. Mikono ifue, mdomo haufui."

Sifa hakumpa hata siku moja. Akiimba vibaya, chuma kiligonga ukuta. Akiimba vizuri, chuma kilikwenda mbele. Basi akajifunza kwamba kwenda mbele ndiyo shukrani, na mtu aliyelelewa hivyo hatarajii makofi. Baadaye baba alianza kuimba besi, na Leusa akaambiwa atafute sauti ya juu yake mwenyewe, bila chati. "Nikienda kushoto, usinifuate kama kondoo. Tafuta njia yako, tukutane mwishoni." Leusa alitafuta. Wakagongana mara nyingi, chuma kikagonga sana, na ukuta ule mpaka leo una mashimo.

Alipofika umri wa sketi ndefu alikuwa anatunga, ingawa mwenyewe hakujua kama jina lake ni hilo. Vipande vya mawe vilivyotupwa vilijaa kila uwanja, vyeusi, laini, vya bure, na chaki haikosekani. Aliandika d na m na s zake juu ya jiwe, akaliegemeza mlangoni, akaimba kidogo, mvua ikafuta. Hakusikitika. Alikuwa na viazi jikoni.

Sasa, kila Jumatatu ya Pasaka kulikuwa na tamasha la makanisa ya bonde lote, na hiyo ndiyo Jumatatu pekee katika mwaka ambayo hakuna aliyefua. Kwaya zilishindana, washairi walishindana, na mwisho kabisa, watu wakiwa wamechoka na viti vya mbao vimewauma, lilikuja shindano la kutunga wimbo wa kanisa. Desturi yake ni hii: hakuna anayetumia jina lake. Unatuma wimbo kwa jina la kujibandika, mwamuzi anausoma bila kujua ni wa nani, na siku yenyewe anaita lile jina mbele za watu. Aliyeshinda anasimama pale alipo. Wazee wawili wanamfuata, wanampeleka jukwaani, anavishwa shingoni kifuko cha hariri, kisha anawaimbisha watu wimbo wake. Jina huitwa mara tatu. Asiposimama mtu, huhesabiwa kwamba ameionea haya kazi yake, na ushindi unakwenda kwa wa pili.

Robat alituma wimbo kila mwaka tangu ujana wake. Alijiita Shomoro wa Paani, kwa ajili ya yule wa kwenye Zaburi anayekesha peke yake juu ya nyumba, na siri hiyo waliijua Leusa na Catrin tu, kwa kuwa mmoja alikaa naye na mwingine alikaa nyumba ya pili, ukuta mmoja. Hakushinda kamwe. Wa tatu mara moja, wa nne, au hakutajwa kabisa.

"Mvumilivu hula mbivu," Catrin alimwambia mwaka mmoja ili kumfariji.

"Mimi nimevumilia mpaka zimeoza," Robat akajibu. Kisha akasema, akiangalia moto, "Sitaki kingine. Niitwe tu. Mara moja nisikie jina langu linaitwa pale juu, nisimame. Basi."

Mwaka ninaousimulia, makanisa yalipatana jambo jipya: mshindi wa kutunga atapelekwa chuo cha muziki mjini, asome kwa gharama ya makanisa. Robat alicheka habari hiyo mpaka akakohoa. Yeye aende chuo, na mapafu haya? Angeshinda, angewaachia wenyewe chuo chao. Lakini Catrin hakucheka. Alimfuata Leusa nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, akashika ncha ya shuka ili aonekane anasaidia.

"Tuma wimbo."

"Wimbo gani, Shangazi?"

"Usinifanye mtoto. Huo mnaouimba mkikamua shuka. Nimeusikia kupitia ukutani miezi sasa. Nalia mimi, na mimi silii."

"Ule si wimbo. Ule ni wa kukamulia."

"Sikiliza wewe." Catrin alishusha sauti. "Kifua cha baba yako unakisikia. Hajabakiwa na miaka mingi. Ukishamzika utafua nguo za nani? Zangu? Mimi nafua mwenyewe. Unataka kwenda au hutaki?"

Leusa alilinyoosha shuka kambani. Aliangalia mikono yake, ilivyopasuka na sabuni. Alitaka. Alitaka mpaka akaona aibu. Alitaka kukaa mahali pakavu asome muziki asubuhi, kabla hajachoka, ajue ni nini kile kichwani mwake kinachopiga kelele wakati wa viazi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote jambo hilo, na sasa shangazi yake amelitoa nje kama nguo ya ndani mbele ya majirani.

Akauandika. Na wimbo wenyewe ulikuwa hivi. Shuka zito la maji halikamuliwi na mtu mmoja, kwa hiyo jioni za Jumatatu Robat alishika ncha moja, Leusa nyingine, wakasokota, mmoja kulia mmoja kushoto, na huku wanasokota wanavuma ule wimbo wa Leusa. Mstari wa kwanza, wa pili, vizuri. Katikati ya mstari wa tatu, shuka likiwa limekaza kabisa, pumzi ya Robat ilikatika. Kila mara palepale. Alisimama, Leusa akasimama naye, shuka likabaki hewani linadondosha maji, mpaka kifua cha mzee kikarudi na wakaendelea. Kwa hiyo wimbo ulikuwa na shimo mstari wa tatu. Alipouandika aliandika na shimo lake, kwani hakuwahi kuusikia bila hilo. Kwa jina alijiandika Kamba ya Nguo, baba hakuambiwa.

Jumatatu ile ya Pasaka ilinyesha, ningesema nini kingine. Watu walijaa kanisa kubwa la bondeni mpaka ngazini, makoti yanatoa mvuke wa sufu iliyolowa, wanawake na vikapu vya mkate na siagi, watoto wamelala mapajani. Leusa alikaa na Catrin karibu na nguzo. Robat alikaa mbele pamoja na waimbaji, na binti yake aliweza kuona kisogo chake tu, chembamba, cha kijivu, kola yake safi. Aliifua yeye.

Mwamuzi alikuwa profesa kutoka mjini, mtu mrefu wa miwani na sauti ya taratibu. Alianza kwa wale wa chini, akawachambua mmoja mmoja, huyu ameiba, huyu amelala. Kisha akasema:

"Wa pili ni Shomoro wa Paani. Huyu ni rafiki yangu wa miaka mingi ambaye sijawahi kumwona uso. Kila mwaka nilimkuta njiani, amechoka. Mwaka huu amefika mlangoni. Mabibi na mabwana, amefika mlangoni kabisa, na kama asingekuwapo mmoja aliyemtangulia, leo ningemfungulia."

Leusa aliona kisogo cha baba yake kinainama. Kidogo tu. Mtu mwingine asingeona.

"Wa kwanza ana jina la ajabu," mwamuzi akaendelea. "Kamba ya Nguo." Watu wakacheka. "Chekeni, lakini wimbo huu hauchekeshi. Kamba ya Nguo, simama."

Hakuna aliyesimama.

Catrin alimfinya paja. "Simama!"

"Siwezi."

"Miguu imekufa? Simama, mjinga wee!"

"Shangazi, wa pili ni yeye. Nikikaa, anaitwa."

Hapo hata Catrin alifunga mdomo, na hilo peke yake lingetosha kuandikwa. Akamtazama Leusa, akatazama kile kisogo kule mbele, akatazama dari.

"Kamba ya Nguo," mwamuzi akaita mara ya pili.

Tusidanganyane, Leusa hakuwa malaika. Alikaa pale anaona chuo kinaondoka kama treni ambayo mtu anaiangalia kutoka upande usio wake, na roho inamuuma, na anamchukia kila mtu, shangazi, mwamuzi, mama aliyekufa mapema. Ila miguu haikuinuka. Alikuwa amechoka kutaka. Alijiambia kwamba baada ya jina la tatu atalala usingizi, Jumanne atafua nguo za Jumatatu, na maisha yatakwenda yanavyokwenda.

Kabla jina la tatu halijaitwa, Robat Huws akasimama.

Loo, kanisa liliripuka! "Robat! Ni Robat wetu!" Watu walipanda juu ya viti. Wanaume wa machimboni walipiga sakafu kwa viatu vyao vya kazi. Nani mwingine angekuwa? Miaka yote ametuimbisha! Wazee wawili wakamshika mikono, wakamwongoza jukwaani, wakamvisha kile kifuko chekundu shingoni.

Na Leusa, aliyekuwa tayari kumpa baba yake kila kitu, alishikwa na hasira mpaka meno yakagongana. Kumpa alikuwa tayari. Kunyang'anywa ni jambo jingine kabisa.

"Kumbe wewe ndiye Kamba ya Nguo," mwamuzi alisema akimpa mkono.

Robat alifungua mdomo kujibu, kikohozi kikaja. Watu wakakichukua kuwa ndiyo.

"Pole pole, mzee wangu. Tuimbie kwanza peke yako, watu wausikie."

Akaimba. Alikuwa na ile sauti yake kavu, iliyochakaa lakini haikosei njia. Mstari wa kwanza. Wa pili. Watu wakatulia, mtoto aliyekuwa analia akanyamazishwa. Mstari wa tatu ukapanda, ukapanda, na katikati, palepale, ukakatika. Kimya. Maji ya mvua yalisikika yanashuka mifereji. Kisha akaendelea mpaka mwisho, akasimama ameshika ukingo wa jukwaa.

"Hapo!" Mwamuzi aliinua kidole. "Mmesikia kile kimya? Mtu anapanda mlima, na mahali ambapo kila mtunzi angeweka sauti, huyu ameweka kimya. Bwana Huws, umejifunzia wapi kuandika hivyo?"

"Sikujifunza, Profesa. Hicho ni kifua changu."

Watu wakacheka kwa upendo.

"Msicheke," alisema Robat. Alishusha pumzi, akavuta nyingine. "Mimi siye Kamba ya Nguo. Mimi ni Shomoro. Wimbo huu ni wa yule pale kwenye nguzo, aliyejificha nyuma ya kofia ya dada yangu. Hapo kwenye kimya ndipo ninapoishiwa tukikamua shuka. Kaniandika na kikohozi changu, mtoto asiye na adabu." Sauti ikamtetemeka, akakasirika kwamba imetetemeka. "Leusa! Simama, mama. Usinifanye mwizi mbele za watu."

Leusa akasimama. Alikwenda mbele bila kuhisi sakafu, na baba yake akavua kile kifuko shingoni kwake, akamvisha yeye, na vidole vyake vilikuwa baridi.

Sasa sikia sheria za watu wa heshima. Aliyesimama kwa jina lisilo lake huondolewa shindanoni, hata kama alisimama kwa wema. Ilikuwa imeandikwa, na wazee wa bonde wakilisoma jambo lililoandikwa hata Mungu huwasubiri. Shomoro wa Paani akafutwa, nafasi ya pili akapewa mchinja nyama mmoja wa bonde la jirani. Jina la Robat halikuitwa siku ile, wala siku nyingine.

Walirudi nyumbani kwa miguu, wote watatu, mvua inawapiga usoni. Catrin aliongea njia nzima juu ya mchinja nyama. Walipofika kwenye lango Leusa alimsubiri shangazi apite, akauliza.

"Baba. Uliposimama pale. Ulikusudia nini?"

Robat alifuta viatu, kimoja, halafu cha pili.

"Nilichoka kukaa," akasema, akaingia ndani.

Hakupata jibu lingine, ingawa alilitafuta miaka mingi.

Chuoni palikuwa pakavu, hilo ni kweli. Mengine hayakuwa kama alivyofikiri. Kule hawakutumia solfa. Waliandika muziki kwa mistari na viluwiluwi juu yake, na Leusa Huws, mshindi wa bonde lote, akakaa benchi moja na wasichana wadogo wa mjini kujifunza kiluwiluwi gani ni do. Wasichana walikuwa na kucha nzuri. Wakimwuliza anatoka wapi alijibu, wakasema "Aa," kwa namna ile. Piano aliigusa kama mtu anayegusa farasi wa mtu mwingine. Alisoma asubuhi kama alivyotamani, na asubuhi hizo zilimchosha kuliko shuka, maana uchovu wa shuka unaisha ukilala.

Hata hivyo aliweza. Mtoto wa chuma cha kuchokolea moto huweza. Ulipopita mwaka alikuwa anaandika sauti nne bila kufuta, na mwalimu wake, Daktari Pugh, mzee mwenye soksi zisizolingana, alianza kumwita kwa jina. Naye siku moja akamletea ule wimbo wa Pasaka. Makanisa yanachapisha kitabu kipya cha nyimbo, na wimbo wake umechaguliwa uwemo.

"Nimeupitia," alisema Daktari Pugh. "Mzuri. Kuna hapa tu." Kalamu yake nyekundu ikazunguka mstari wa tatu. "Hapa kuna nini?"

"Kimya, Daktari."

"Naona ni kimya. Nauliza cha nini? Wimbo unapanda, unakaribia kilele, nawe umeukata katikati ya neno. Ni kama mtu anayesema 'Bwa,' halafu anakwenda kunywa maji, halafu anarudi kusema 'na.'"

Wasichana wakacheka. Angeweza kusema. Sentensi moja ingetosha, na yule mzee hakuwa mbaya, angesikia. Lakini Leusa aliona picha yote: jiko, beseni, baba yake amejikunja ameshika shuka, mate ya kijivu kwenye kitambaa. Akaona kucha zile. Akaona haya.

"Nilikosea," akasema.

Akachukua kalamu, akaziba shimo kwa sauti moja, la, ndefu, iliyonyanyuliwa vizuri. Wakapiga kwenye piano. Na linalouma ni hili, ulisikika vizuri zaidi. Ulikwenda mbele bila kusita. Daktari Pugh akaitikia kwa kichwa, akageuza ukurasa, somo likaendelea. Wimbo ukachapishwa hivyo.

Simu ya maandishi ya msiba wa baba yake ilimfikia mwisho wa baridi iliyofuata. Catrin alitumia maneno machache, ndipo Leusa akajua kwamba ni kweli. Alipanda treni ya alfajiri, akabadilisha nyingine, akasubiri kwenye baridi, akapanda ya tatu ile ndogo ya machimboni, na hakulala hata kidogo. Alipofika tulikuwa tumeshakaa kanisani. Ilibidi aingie na koti lake la safari, aje akae mbele karibu na shangazi, sanduku la baba yake likiwa pale chini ya mimbari, mahali alipokuwa akisimama.

Vitabu vipya vilikuwa kwenye viti, vimefungwa. Aliviona. Hakuna aliyekifungua chake. Alidhani ni huzuni.

Mhubiri alisema yake. Kisha Wil Bevan wa besi, ambaye hakuwa na sauti ya kuanzisha lakini mwingine hakuwepo, alisimama akatoa do, na Leusa akatambua kwamba ni wimbo wake. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Tulikuwa tunauimba baridi nzima. Robat alitufundisha kwa mdomo, Jumapili baada ya Jumapili, amekaa kwenye kiti kwa kuwa kusimama kulimshinda. Vitabu vilipoletwa alikifungua kimoja, akausoma wimbo wa binti yake, kidole chake kikafika mstari wa tatu kikakaa hapo. Kisha akakifunga. "Wekeni chini," alituambia. "Huu tunaujua."

Leusa hakujua hayo. Alikuwa amechoka, kichwa kinavuma magurudumu ya treni, na mdomo wake uliimba kile ambacho mkono wake uliandika mwisho. Mstari wa kwanza ulimbeba. Wa pili ukambeba, kanisa zima mgongoni kwake, sauti alizozijua tangu utoto. Wa tatu ukapanda, ukapanda, na katikati sote tukanyamaza.

Sote isipokuwa yeye. Ile sauti ya la ilitoka peke yake, safi, ndefu, iliyonyanyuliwa vizuri, juu ya sanduku la baba yake, na kanisa lote limeshika pumzi likimsubiri yule mzee amalize kukohoa.

Aliisikia. Akaikata, mkono ukaenda mdomoni.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Catrin alimshika mkono, ule usiokuwa na sabuni tena, akaubana.

"Hapo tunapumua, mwanangu," akasema polepole, na watu wakaendelea na mstari.